Santuri za marehemu baba: nibadilishe mashine au sindano?

"Assalaam alaykum. Niko Lamu, mtaa wa Langoni. Marehemu baba ametuachia santuri ndogo za taarabu kama 60, zote za 45, kubwa kumi na tatu za filamu za Kihindi, na nne nzito za babu zilizoandikwa 78. Mashine yenyewe ni ya Kijapani, ya mkanda, ina kasi mbili tu, 33 na 45. Mkono wake una umbo la S, na kichwa kinachomoka ukizungusha pete. Baba aliletewa na rafiki yake baharia zamani, na mpaka leo tunaiwasha kwa transfoma ya kupunguza umeme. Nimeiunganisha na sabufa kwa tundu la AUX. Sauti ni nyembamba na ndogo, besi hakuna. Nyimbo zinakwenda polepole kama mwimbaji ana usingizi. Herufi 's' zinakwaruza, zaidi karibu na mwisho wa wimbo. Watoto wakipita ghorofani sindano ilikuwa ikiruka, nikaweka shilingi juu ya kichwa, ikatulia. Binamu yangu wa London yuko tayari kunitumia mashine mpya. Rafiki yangu anasema mashine niiache, ninunue katriji ya MC, ndiyo ya wajuzi. Pesa zangu si nyingi. Nifuate lipi?"

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Kwanza kabisa, iondoe hiyo shilingi, kisha urudi tuzungumze.

Uliyoandika ni malalamiko manne, na yote umemtwika mshtakiwa mmoja, mashine. Sauti nyembamba ina sababu yake. Mwendo wa usingizi una sababu nyingine, kuruka kuna yake, na mkwaruzo wa "s" pia una wake. Katriji, yaani kile kidude cha kichwani kinachoshika sindano na kugeuza mtikisiko wake kuwa umeme, ikiwa ya MC haitaponya hata moja kwa namna mambo yalivyo sasa, na moja ingelizidisha. Mashine mpya ingeponya baadhi, lakini ukiiweka hapo ilipo hii ya sasa, watoto wakipita nayo itaruka. Kwa hiyo tuyachukue moja moja, kwa mpangilio wa gharama, maana mengine hayana gharama kabisa.

Sauti nyembamba ndiyo nyepesi kuieleza. Santuri haikuchongwa na sauti kama ulivyoisikia studio. Besi ikichongwa kwa ukubwa wake, mfereji ungeyumba upana mpaka uingie kwenye mfereji wa jirani, na upande mmoja usingetosha wimbo. Kwa hiyo wachongaji huipunguza besi na kuziongeza sauti za juu, kisha anayepiga huyarudisha yote mawili mahali pake. Tangu 1954 kipimo kinachofuatwa zaidi ni kile cha RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki za Marekani, na ukubwa wake si mdogo: kwenye hezi 20, yaani mitikisiko 20 kwa sekunde, sauti inatakiwa ipandishwe karibu mara 9 ikilinganishwa na hezi 1,000, na kwenye hezi 20,000 ishushwe kwa kiasi kama hicho. Tundu la AUX halijui habari hizi. Linapokea umeme na kuukuza kama ulivyo. Tena katriji ya sumaku hutoa milivolti 4 au 5 tu, wakati AUX inangoja mia kadhaa. Ndiyo maana unasikia sauti ndogo, kavu, isiyo na kiuno.

Kinachokosekana ni kisanduku cha fono, kile kinachokaa kati ya mashine na sabufa, kukuza sauti kama mara 100 na kurudisha besi. Vipo vidogo vya bei nafuu kama Behringer PP400, na kidogo juu yake ART DJ Pre II. Vyote vinafaa kwa kazi yako. Ukinunua amplifaya ya zamani yenye tundu lililoandikwa PHONO, kisanduku tayari kimo ndani. Kwenye mashine yako utaona pia waya mwembamba wa peke yake unaotoka pamoja na nyaya za sauti. Huo ufunge kwenye skrubu iliyoandikwa GND ya kisanduku. Ukiuacha unaning'inia utapata mngurumo mzito usiokwisha, na watu wengi husingizia katriji. Usiufunge kwenye bomba la maji wala nondo ya ukuta.

Mwendo wa polepole sasa. Kile kitransfoma chako kimenipa jibu kabla sijaiona mashine, lakini hakikisha mwenyewe. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sinia, yaani lile duara zito linalobeba santuri, weka kasi ya 33, weka santuri na sindano juu yake, kisha hesabu mizunguko kwa dakika 3 kamili. Kasi yake halisi ni mizunguko 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo upate 100. Ukipata 97 au 98, au hesabu inabadilika kila ukirudia, mkanda umelegea. Ukipata 83, na ukirudia unapata 83 tena, mkanda hauna kosa. Mashine yako ilitengenezewa umeme wa hezi 60.

Transfoma hushusha volti kutoka 240 zetu, lakini hezi haizigusi. Kenya umeme ni hezi 50, Marekani ni 60. Mota nyingi za mikanda za wakati ule hufuata hezi kama askari anavyofuata ngoma, kwa hiyo yako inakwenda tano ya sita ya mwendo wake. Sauti haipungui kasi tu, inashuka pia nusutoni tatu hivi. Mwimbaji wa kike anakaribia kuwa kijana wa kiume. Tazama bamba la nyuma: likiandikwa 60 Hz peke yake, habari ndiyo hiyo.

Dawa ni puli, yaani kile kigurudumu kidogo cha mota kinachovuta mkanda. Ya hezi 50 ni nene kuliko ya hezi 60 kwa moja ya tano. Fungua sinia utazame: baadhi ya mashine za Kijapani ziliwekewa puli mbili, ya pili ikafungwa na skrubu pembeni au ndani ya kisanduku chake. Usipoipata, fundi wa lethi Mombasa anaweza kukuchongea ya shaba. Mpelekee puli ya zamani pamoja na mkanda mpya, kwa sababu kipenyo kinachofanya kazi ni cha puli ukijumlisha unene wa mkanda, na hicho ndicho cha kuzidisha kwa 1.2. Ngazi zote mbili, ya 33 na ya 45, zichongwe. Akikosea hata robo milimita utaisikia, kwa hiyo akupimie mbele yako.

Mkanda badilisha hata kama hesabu imetoka sawa. Raba kwenye joto letu hukauka na kunyooka. Kabla ya kuvisha mpya, futa puli na ukingo wa sinia kwa spiriti, na usiushike mkanda kwa vidole vilivyotoka kwenye mahamri. Mhimili wa sinia utie tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani. Mafuta ya nazi hapana. Yanaganda na kuwa gundi.

Jambo la pembeni, kwa sababu litakuja kukusumbua: ukisikia sauti inayumba juu na chini kwa mpigo ule ule, kila sekunde moja na kitu kwenye 45, hiyo si mashine. Tundu la santuri halikutobolewa katikati sawasawa. Santuri ndogo nyingi zina kasoro hiyo, na kwa zile zenye tundu kubwa la milimita 38, kizibo cha plastiki kilicholegea huiongeza.

Tufike kwenye kuruka na shilingi. Shilingi haikuponya kitu, imemkandamiza mgonjwa asipige kelele. Katriji za aina yako huwa zinatakiwa kubeba uzito wa gramu 2 hivi, zingine 3. Sarafu inaongeza gramu kadhaa juu ya hapo, na uzito wote huo unakaa kwenye ncha ya almasi isiyoonekana vizuri kwa macho. Kuta za mfereji zinalika, na kijiti kinachobeba almasi kinalala. Kilicholika kwenye santuri hakirudi.

Kisa cha kuruka kwako kiko sakafuni. Ghorofa za nyumba za mawe za Lamu zimelala juu ya boriti za mikoko, na boriti hucheza mtu akitembea. Mtikisiko huo ni wa chini sana, hezi chache, husikii kwa sikio, lakini mkono wa mashine unauhisi. Ukuta wenyewe wa mawe ya matumbawe na chokaa ni mnene na hautikisiki. Basi iondoe mashine mezani, uitengenezee rafu ya mbao ngumu iliyoshikwa ukutani, yenye nafasi ya kama sentimita 50 kwa 40. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nyingi hazina upana huo, ingawa ukiwa na kimoja kikubwa cha kutosha huna haja ya rafu. Weka pima maji juu ya sinia, mbele-nyuma na kulia-kushoto, uinue pembe mpaka tone likae katikati. Sabufa ibaki sakafuni, mbali. Ikikaa rafu moja na mashine, besi itarudi kupitia sindano na kuanza kunguruma yenyewe ukiongeza sauti.

Bado sindano. Mkwaruzo wa "s" ndiyo malalamiko pekee ambayo kweli ni ya katriji, na yenyewe yana sababu tatu zinazopandana. Ya kwanza ni ya kimaumbile. Kwenye santuri ya 45, mfereji wa nje unapita chini ya sindano kama sentimita 40 kwa sekunde. Karibu na mwisho wa wimbo umeshuka mpaka 25 hivi. Sauti ile ile ya "s" sasa imebanwa kwenye urefu mdogo zaidi, mikunjo imekuwa midogo, na ncha ya mviringo iliyo nene inashindwa kuingia. Kwenye santuri kubwa ni zaidi: sentimita 51 kwa sekunde mwanzoni, 21 mwishoni. Sababu ya pili ni ncha kulika. Almasi ya duara au ya duaradufu hudumu saa 300 hadi 500. Saa 300 ni sawa na kupiga pande zote za santuri zako ndogo 60 zaidi ya mara 40. Baba yako alizipenda, kwa hiyo fanya hesabu. Ya tatu ni katriji kukaa kombo kwenye kichwa.

Kuna na umri. Kile kijiti hushikwa na kiraba kidogo ndani, na kiraba hicho huwa kigumu kwa miaka, hata sindano isipopigwa. Ndiyo maana sikushauri ununue sindano "mpya" iliyokaa dukani miaka thelathini, hata kama pakiti haijafunguliwa. Kwa katriji yako ambayo jina lake hukulitaja, usihangaike kutafuta sindano yake. Badilisha katriji nzima. Kichwa chako kinachomoka na matundu ya skrubu yako umbali wa milimita 12.7, kipimo ambacho katriji karibu zote hufuata.

Sasa rafiki yako na MC yake. Hakudanganya kwamba ni nzuri. Tofauti ni hii: kwenye katriji ya kawaida, inayoitwa MM, kijiti hutikisa sumaku mbele ya koili zisizosogea. Kwenye MC koili ndizo zinazotikiswa, ni nyepesi, na zinafuata mikunjo kwa uepesi zaidi. Lakini koili ndogo hutoa umeme mdogo, milivolti 0.2 hadi 0.5, kwa hiyo kisanduku cha fono cha kawaida hakiitoshi. Unahitaji cha bei ya juu zaidi. Na sindano ya MC nyingi haichomoki. Ikichoka, au mtoto akiigusa kwa kidole, katriji nzima inarudi kiwandani au inanunuliwa upya. Zaidi ya hayo, nyingi zina ncha nyembamba ambazo zitakusomea kila jeraha lililoachwa na ile shilingi. Kwa santuri safi na mfuko mpana, sawa. Kwako wewe, mwaka huu, ni kununua kanzu ya hariri kwenda kuvua kamba.

Ninayokupendekezea ni Audio-Technica AT-VM95E. Kampuni hiyo ya Japani imekuwapo tangu 1962 na bidhaa zake hazina shida kupatikana. Ncha yake ni ya duaradufu, maikroni 8 kwa 18, kwa hiyo ubavu mwembamba unaingia kwenye mikunjo ya mwisho wa wimbo ambako ya duara inashindwa. Uzito wake wa kazi ni gramu 2.0, unaruhusiwa kati ya 1.8 na 2.2, na hutoa milivolti 4. Kinachonivutia zaidi si hayo. Familia nzima ya VM95 inatumia mwili mmoja. Sindano huchomolewa kwa mkono na kuvishwa nyingine: ya duara ya VM95C ambayo ni ya bei ndogo zaidi na haina ukali kwa santuri zilizolika, ya VM95ML yenye ncha nyembamba sana siku ukipata santuri safi, na hata ya 78. Mwenzake wa Denmark, Ortofon 2M Red, ni mzuri pia, hubeba gramu 1.8 na mwili wake hupokea sindano ya 2M Blue. Ila kwa santuri zako mchanganyiko ningechukua ya kwanza. Mkono wako wa S una uzito wa kati, na katriji hizi zinaoana nao. Mkono na katriji pamoja huwa na mtikisiko wao wa asili, na ukiangukia kati ya hezi 8 na 12 unakuwa juu ya mitikisiko ya sakafu na santuri zilizopinda, chini ya muziki. Katriji laini mno kwenye mkono mzito hushuka chini ya hapo, na sindano inakuwa ikicheza yenyewe.

Kufunga si kazi ya kuogopa, ila itake asubuhi yenye mwanga na mkono mtulivu. Chomoa kichwa mashineni. Acha kifuniko cha sindano kiwe juu yake mpaka mwisho. Chomoa nyaya nne ndogo kwa kibano ukishika kile kifereji cha chuma, si waya. Rangi zake: nyeupe ni kushoto chanya, buluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi, na nyuma ya katriji yapo maandishi au rangi za kuoanisha. Usithubutu kutia lehemu kwenye pini za katriji ikiwa mahali pake, joto huua koili. Skrubu ni za milimita 2.5, zikaze mpaka zishike lakini katriji isogee kidogo ukiisukuma. Sugua vile vipini vinne vya nyuma ya kichwa kwa raba ya penseli kisha spiriti. Hewa yetu ya bahari huvipaka kutu ya kijani, na upande mmoja wa sauti hupotea na kurudi. Kabla hujailaumu katriji kwa kukatika sauti, tazama hapo.

Rudisha kichwa, ondoa kifuniko, na uzungushe uzito wa nyuma mpaka mkono uelee sawa, haushuki wala haupandi. Hapo pete ya namba iseme 0, kisha zungusha uzito na pete pamoja mpaka 2. Kidhibiti cha pembeni kinachozuia mkono kuvutwa ndani nacho kiweke kwenye 2. Namba za mashine ya zamani si za kuaminika sana, kwa hiyo thibitisha kwa mizani ya dijitali yenye kusoma sehemu ya mia ya gramu. Sonara yeyote pale mjini anayo. Mweleze tu, na umtake atumie mizani isiyo na sahani ya chuma, sumaku ya katriji itaivuta na kukudanganya. Ncha inapopimwa iwe kimo kile kile cha santuri.

Kisha pembe. Chapisha karatasi ya kupangia yenye alama mbili, moja milimita 66 kutoka katikati ya tundu, nyingine 121, kila moja ikiwa na mistari sambamba. Mchapishaji asipunguze ukubwa. Pima kwa rula kabla ya kutumia, kwani karatasi nyingi hutoka zimefinyika. Shusha sindano kwenye alama ya kwanza: katriji ikae sambamba na mistari. Nenda ya pili. Kama imepinda, isogeze mbele au nyuma kwenye matundu ya kichwa, kidogo kidogo, urudi ya kwanza. Itakuchukua robo saa, huenda nusu. Hapa ndipo mkwaruzo wa mwisho wa wimbo unapopungua zaidi kuliko watu wanavyotarajia. Mwisho weka kioo kidogo chini ya sindano uangalie kutoka mbele: kijiti na kivuli chake vifanye mstari mmoja wima. Kaza skrubu, rudia uzito.

Santuri nyingi za taarabu za 45 zilirekodiwa mono. Kwenye mono, muziki wote umechongwa kwa mwendo wa pembeni, ilhali sehemu kubwa ya vumbi na mikwaruzo inaisukuma sindano juu na chini. Ukiunganisha kushoto na kulia, mwendo wa juu na chini unafutana. Amplifaya ikiwa na kitufe cha MONO, kibonyeze. Isipokuwa nacho, nyaya mbili za matawi, Y kwa Y, kati ya mashine na kisanduku cha fono zinatosha. Hii ni shilingi chache, na kwa santuri za zamani mara nyingi inazidi kubadilisha katriji.

Lakini hakuna sindano itakayosoma mfereji uliojaa ukungu. Brashi ya nyuzi laini kwanza, kavu. Halafu maji. Ya visima vyetu yana chumvi, yakikauka yanaacha unga ndani ya mfereji. Tumia maji yaliyosafishwa, yale ya kuongeza kwenye betri za gari yanayouzwa vituo vya mafuta, ila soma chupa mara mbili, kwa sababu asidi ya betri nayo iko rafu hiyo hiyo. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye lita, futa kwa kitambaa laini ukifuata mzunguko, suuza kwa maji hayo hayo matupu, kausha kivulini. Karatasi ya katikati isilowe. Spiriti kidogo inaweza kusaidia kwenye santuri za plastiki, lakini zile nne za babu usiziguse kwa spiriti hata tone: zimetengenezwa kwa shelaki, na spiriti huiyeyusha. Zihifadhi zote zikiwa zimesimama wima, si kulaliana, mbali na paa la mabati.

Na hizo nne ndizo zinazonifanya nisimkatae binamu yako. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi 1928, na santuri za miaka ile zote zilikuwa za namna hii, za 78. Mashine yako haina kasi hiyo, wala sindano yako haifai. Mfereji wa 78 ni mpana, unataka ncha ya maikroni 76 hivi. Ncha ya santuri ndogo inazama mpaka chini, inakokota uchafu, na unasikia mchanga badala ya muziki. Basi mwambie binamu: asitume mashine ya begi yenye spika ndani, nyingi zina katriji ya kauri inayokandamiza kwa gramu 5 au zaidi, usije ukarudi kwenye mambo ya shilingi. Atume mashine ya mota ya moja kwa moja yenye kasi tatu, kama Audio-Technica AT-LP120X. Hiyo haina habari na hezi, ina kisanduku cha fono ndani, na huja na VM95E ile ile niliyokupendekezea. Ukichomoa sindano na kuvisha ya VM95SP, umepata ya 78. Uzito hapo ni gramu 5 hivi, kwa hiyo pima kwa mizani, usitegemee namba za uzito wa nyuma. Bei yake ni mara kadhaa ya katriji. Kama binamu atatoa kwa moyo, usinunue puli, kisanduku wala katriji. Tumia fedha yako kwa rafu na kusafisha. Kama atasita, fanya niliyoeleza hapo juu kwenye mashine ya baba, na zile nne ziache kwenye makasha yake mpaka upate mwenye mashine ya kasi tatu.

Kuna vitu usijaribu mwenyewe. Ukigusa chuma cha mashine ukahisi umeme unakuchoma, chomoa na usiwashe tena. Mota ikinuka au ikiungua moto, mkono ukikwama au kusaga unapouzungusha kwa kidole, au sauti ya upande mmoja ikipotea hata baada ya kusafisha vipini, mpelekee fundi wa redio mzoefu Mombasa. Muulize kabla hajafungua kama amewahi kushughulika na nyaya za ndani ya mkono, ni nyembamba kama nywele na fundi wa simu anaweza kuzikata kwa bahati mbaya. Ondoa katriji ubaki nayo nyumbani, haihitajiki kwa kazi hiyo.

Na ukiisafirisha, sinia litoke na lisafiri peke yake limefungwa nguo, uzito wa nyuma uondolewe, mkono ufungwe kwenye kishikio chake kwa uzi laini, na vyote viingie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa kabla ya boksi. Boti ya Mokowe, ya kuvukia bara, wakati wa kusi haiulizi umebeba nini.